Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuandaa vipindi vinavyomfanya mwanafunzi afikiri na ashike somo haraka

Haya ni maswali ambayo walimu wenzangu wananiuliza karibu kila tukikaa kuongelea vipindi, na mengine nimejiuliza mwenyewe kwa miaka. Nimeyajibu kama ninavyoongea, yenye mambo mengi nimekaa nayo, mengine nimeyapita haraka. Kitu kimoja utakikuta kinajirudia humu: ukiandaa kipindi usianze na "leo nitasema nini", anza na "dakika ya 5, ya 15, ya 30, hawa watoto vichwani mwao watakuwa wanafanya nini".

Hivi somo shirikishi ndo lipi hasa? Si lile la kuwagawa kwenye vikundi?

Hapana, vikundi ni njia moja tu na wala sio lazima. Somo linakuwa shirikishi pale ambapo kila mwanafunzi analazimika kufanya kitu na lile wazo analofundishwa, yaani abashiri, achague jibu na aseme kwanini, achore, atatue, amweleze mwenzake, au akumbuke bila kufungua daftari. Mwanafunzi anaweza kukaa kimya kabisa na karatasi yake na akawa anashiriki kuliko yule anayepiga kelele kwenye kikundi. Na darasa linaweza kuchangamka sana, watu wanakata karatasi, wanapaka rangi, wanacheka, alafu ukimuuliza mmoja mmejifunza nini leo anakwambia "tumetengeneza bango". Hapo mikono ilipata kazi ila kichwa hakikupata.

Kuna ushahidi kweli au ni mambo ya semina tu?

Upo, tena mwingi. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, hesabu na uhandisi ya ngazi ya chuo, wakalinganisha madarasa ya mhadhara mtupu na yale ambayo wanafunzi wanafanya kazi ndani ya kipindi. Kwenye mhadhara waliofeli walikuwa kama asilimia 34, kwenye yale mengine kama 22. Hebu fikiria hiyo tofauti kwa darasa la watu 100, ni watu 12 hivi ambao wangerudia somo na hawakurudia.

Ila mimi naipenda zaidi ile iliyofanyika University of British Columbia kule Kanada, ilitoka 2011, manake ni ya wiki moja tu. Madarasa mawili makubwa ya fizikia, moja likafundishwa na mhadhiri mzoefu ambaye wanafunzi wanamkubali sana, lingine likachukuliwa na wasio na uzoefu mkubwa wa kufundisha ila walioelekezwa vizuri kuendesha kipindi kwa maswali, mijadala na majibu ya papo kwa papo. Mada ileile, muda uleule, mtihani uleule. Upande wa mhadhara wastani ulikuwa asilimia 41, upande wa pili 74. Sio kwamba yule mzoefu hajui kuongea, anajua sana, lakini kipindi kizima kazi ya kufikiri ilikuwa ya kwake.

Nipe mfano wa kipindi kimoja kizima, sio nadharia. Unaanzaje?

Sawa, tuchukue usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga. Wengi tunaanza na fasili ubaoni, kisha mlinganyo, kisha mchoro wa jani, wanafunzi wananakili, kengele inalia. Sasa jaribu hivi.

Ingia na kipande cha mti mkavu, kizito kidogo, kipitishe mkono kwa mkono ili kila mtu ausikie ule uzito. Alafu uliza: mti huu ulianza kama mbegu ndogo, sasa uzito wote huu umetoka wapi? Ubaoni andika A udongo, B maji, C hewa, D mwanga wa jua. Wape dakika moja, kila mtu peke yake, kimya, aandike herufi moja na sababu yake kwa sentensi moja. Hii dakika ya kimya usiichezee, wengi wetu tunaiharibu kwa kuruhusu yule mmoja anayejua aropoke jibu, na akisharopoka wengine 40 wameacha kufikiri palepale.

Kisha kwa pamoja wanaonyesha jibu kwa vidole, kifuani, sio juu, ili asimuige mwenzake: kidole 1 ni A, 2 ni B na kuendelea. Wengi watasema udongo. Wewe usiseme chochote, hata uso wako usiseme. Waambie kila mtu atafute jirani mwenye jibu tofauti na lake, wabishane dakika 3, na hapo zunguka usikilize, manake utasikia vitu ambavyo mtihani hautakuonyesha kamwe, kama "mizizi inakula udongo" au "hewa haina uzito kwahiyo haiwezi kuwa hewa".

Baada ya hapo wape kisa cha Jan Baptist van Helmont, karne ya 17. Alipanda mche kwenye chungu cha udongo mkavu alioupima kabla, akawa anaumwagilia maji tu kwa miaka 5. Mti ukaongezeka kama kilo 74, udongo ukapungua chini ya gramu 100. Hapo wa udongo wanashtuka, na wengi wanahamia kwenye maji, na ndo alichoamini hata Van Helmont mwenyewe. Sasa uliza tena: kipande hiki tukikichoma bila hewa ya kutosha kinabaki nini? Mkaa. Mkaa ni nini? Kaboni. Maji yana kaboni? Kimya... alafu pale nyuma mtu anasema polepole, "kwahiyo... hewani?" Ukisikia hiyo sauti ndo ugeuke ubaoni uandike mlinganyo wa kabonidayoksaidi na maji, na utaona wanavyoukodolea macho, kwa sababu sasa ule mlinganyo ni jibu la swali walilokuwa wanagombania.

Yote hayo ni kama dakika 15 au 20. Maelezo yako hayajapotea, yamehamia tu mahali pake, yamekuja baada ya wao kuyahitaji.

Maswali ya namna hiyo nayatoa wapi? Mimi nikitunga yanakuwa rahisi mno.

Yatoe kwenye makosa yao. Chukua madaftari uliyosahihisha mwezi huu, tafuta kosa ambalo limerudiwa na watu wengi, lifanye kuwa moja ya majibu ya kuchagua. Kwa mfano uliza ipi ni kubwa kati ya 0.35 na 0.4. Anayejibu 0.35 hajakosea kwa bahati mbaya, anasoma 35 na 4 kama namba nzima. Anayejibu 0.4 naye usimwachie, muulize kwanini, manake kuna mwenye dhana kwamba desimali fupi daima ndo kubwa, na huyo kesho ukimpa 0.3 na 0.47 atakwambia 0.3. Swali zuri ni lile ambalo kila jibu la uongo linakwambia mtoto anawaza nini. Matatu ya hivyo kwa kipindi yanatosha kabisa, usitunge kumi.

Nikiuliza swali hakuna anayejibu, darasa linaniangalia tu. Nifanyeje?

Kwanza hesabu unasubiri muda gani. Mary Budd Rowe alichunguza hili miaka ya 1970 akakuta walimu kwa kawaida wanasubiri kama sekunde 1 tu kabla hawajamtaja mtu mwingine au kujijibu wenyewe. Wakifika sekunde 3 na kuendelea, majibu yanakuwa marefu, sababu zinatajwa, na wale ambao huwa hawajibu wanaanza kujibu. Sekunde 3 ukiwa mbele ya darasa ni ndefu kuliko unavyodhani, mimi huwa nahesabu kimoyomoyo.

Pili, kuna njia ambayo Frank Lyman aliieleza 1981 na bado ndo nzuri kuliko zote kwa darasa lenye woga: fikiri peke yako, ongea na mwenzako, ndo useme mbele ya wote. Mtoto akishalijaribu jibu lake kwa jirani anakuwa haogopi tena, na hata likiwa la uongo sio lake peke yake, ni "sisi tumeona hivi".

Tatu, achana na "mmeelewa?". Watakujibu "ndiyooo" hata kama hakuna aliyeelewa. Badala yake sema "andika kwa maneno yako kwanini tumegawanya hapa na hatujazidisha".

Darasa langu ni kubwa mno, watu zaidi ya 100. Haya si mambo ya madarasa madogo?

Kumbe njia hizi nyingine zilizaliwa kwenye kumbi kubwa kabisa. Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, aligundua wanafunzi wake wanatatua hesabu ngumu vizuri ila ukiwauliza swali jepesi la maana ya kanuni ya Newton wanakwama. Mwaka 1991 akaanza kufundisha kwa kuuliza: anatoa swali la dhana, kila mtu anachagua jibu mwenyewe, kisha wanajadiliana na jirani, wanachagua tena. Waliopata mara ya kwanza wakiwa wachache sana anarudi kueleza, wakiwa wengi sana anapita haraka, wakiwa katikati, kama asilimia 30 mpaka 70, ndo anawaachia wajadiliane, kwa sababu hapo kuna wa kufundisha na wa kufundishwa karibu kila benchi.

Na sababu ya jirani kumweleza mwenzake vizuri ni kwamba yeye ameelewa juzijuzi tu, bado anakumbuka pale alipokwama. Sisi tumeshasahau kwamba palikuwa pagumu.

Silabasi ni ndefu na mtihani unakuja. Muda wa mijadala nautoa wapi?

Hili ndo swali linaloniumiza zaidi kwa sababu najua presha ilivyo. Lakini tuseme ukweli, ukimaliza silabasi kwa kuongea, aliyemaliza ni wewe. Ukija kufundisha mada ya pili unakuta ya kwanza haipo, unarudia, na kurudia huko hakuna anayekuhesabia kama muda uliopotea, ila umepotea.

Kinachosaidia: kata vitu ambavyo mwanafunzi anaweza kuvisoma mwenyewe. Fasili, historia fupi, orodha za majina, hivyo vinaenda nyumbani na maswali 2 ya kujibu kabla ya kipindi. Kunakili ubaoni nako punguza, kunakula muda vibaya sana na mkono unaandika huku akili iko kwingine. Muda ukishaupata, upeleke pale pagumu ambapo kila mwaka wanaanguka. Hauhitaji kubadilisha vipindi vyote, anza na dakika 10 ndani ya kipindi kimoja kwa wiki, kwenye mada ambayo unaijua vizuri kabisa. Wiki ya tatu ya nne hivi utakuwa umeshajua darasa lako linachukua muda gani.

Wanafunzi wenyewe wanalalamika, wanasema siwafundishi, nawaachia wafanye wenyewe.

Ni kawaida na wala sio dharau. Mwaka 2019 Harvard walipima jambo hilohilo kwenye fizikia: wanafunzi waliofanya kazi ndani ya kipindi walipata alama za juu zaidi kwenye jaribio, lakini walipoulizwa, wao ndo walisema wanahisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri. Mhadhara unaoteleza unakupa hisia ya kuelewa, wakati kufikiri kunachosha na kunakuonyesha usichokijua.

Kwahiyo usinyamaze, waambie mapema, siku ya kwanza kabisa, "mtajisikia kukwama, na kule kukwama ndo kazi yenyewe", alafu baada ya jaribio la kwanza waonyeshe alama zao. Na wakikwama usiwaache wakae humo hadi mwisho, kila shughuli lazima iishie na wewe kufunga: jibu ni hili, sababu ni hii, na lile lingine lilikuwa na kosa hapa.

Kwenye vikundi mmoja anafanya, wengine wanakaa. Dawa yake?

Kazi ndo mbovu hapo, sio watoto. Kama kazi inaweza kufanywa na mtu mmoja itafanywa na mtu mmoja. Elliot Aronson na wenzake kule Austin, Texas, mwaka 1971 walitengeneza njia ambayo kila mwanakikundi anapewa kipande chake cha mada, anakutana kwanza na wenye kipande kama chake toka vikundi vingine wanakichambua, kisha anarudi kwao kufundisha. Asipojua yeye, kikundi kizima hakijui. Ukiona hiyo ni ndefu, tumia fupi: watu 3, sio 7, na waambie atakayejibu utamchagua wewe mwishoni bila taarifa. Ghafla kila mtu anataka aelezwe.

Wanaelewa leo, wiki ijayo hawakumbuki kitu.

Hapa pana utajiri mkubwa na naona tunaupita. Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe akachapisha matokeo 1885, akaonyesha tunasahau kwa kasi kubwa mwanzoni kabisa, ndani ya saa na siku za kwanza. Kwahiyo kusahau sio uvivu, ni namna akili ilivyo. Swali ni unafanya nini kuhusu hilo.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Wengine wakakisoma tena, wengine wakafunga karatasi na kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliojipima wakakumbuka kama asilimia 56 na waliorudia kusoma kama 42. Yaani kile kitendo cha kulivuta jambo toka kichwani ndicho kinacholikaza.

Kwenye kipindi inakuwa hivi: dakika 5 za kwanza, daftari zimefungwa, maswali 4 ubaoni, moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita na moja la kuunganisha na mada ya leo. Usitoe maksi, wasahihishe wenyewe palepale. Ukitoa maksi wataanza kuchungulia na umeshaharibu kila kitu.

Na mazoezi changanya. Doug Rohrer na Kelli Taylor (2007) waliwafundisha wanafunzi kutafuta ujazo wa maumbo tofauti, kundi moja likafanya umbo moja hadi liishe ndo lihamie lingine, kundi la pili likachanganyiwa. Wakati wa mazoezi waliochanganyiwa walikosea zaidi. Wiki moja baadaye kwenye jaribio wao walipata asilimia 63, wengine 20. Ukipanga maswali 20 ya aina moja, mtoto hajifunzi kuchagua njia, anajua njia kabla hata hajasoma swali.

Si kuna ule mchoro unaosema tunakumbuka asilimia 10 ya tunachosoma, 20 ya tunachosikia, 90 ya tunachofanya?

Zile namba usizitumie, hazitokani na utafiti wowote. Zimebandikwa kwenye mchoro wa Edgar Dale wa mwaka 1946, na mchoro wake haukuwa na asilimia hata moja. Hata ile ya kusema huyu ni wa kuona, yule ni wa kusikia, ufundishe kila mmoja kwa mtindo wake, Harold Pashler na wenzake waliipitia 2008 hawakukuta ushahidi wa kutosha kwamba inasaidia. Picha zinawasaidia karibu wote, pale mada inapohitaji picha.

Kwahiyo nisieleze kabisa, nawaachia wagundue?

Hapana jamani, huku ni kupitiliza. Kumbukumbu ya kazi ya binadamu, yaani ile inayoshika unachokifikiria sasa hivi, inabeba vitu vichache kwa wakati mmoja, Nelson Cowan anakadiria kama 4. Mwanafunzi mgeni kabisa kwenye mada ukimtupia tatizo gumu bila mwongozo, nafasi yote inaliwa na kuhangaika na hakuna kinachobaki. John Sweller ameandika sana kuhusu hili tangu miaka ya 1980, na ushauri wa kazi yake ni mzuri: kwa wageni wa mada, tatua swali moja zima mbele yao hatua kwa hatua, la pili acha hatua ya mwisho waimalizie, la tatu acha mbili, mpaka wanafanya wote wenyewe. Wakishakomaa, punguza kuwashika mkono, manake sasa maelezo yako yanawachelewesha.

Nahitaji projekta, tableti, programu maalum?

Vidole, karatasi na ubao vinatosha. Simu zikiwepo zinasaidia kuhesabu kura haraka, basi.

Kipindi cha mtandaoni je?

Uliza swali, kila mtu aandike jibu kwenye sehemu ya kutumiana ujumbe (chat) ila asibonyeze kutuma mpaka uhesabu tatu. Yanashuka yote kwa pamoja, hakuna wa kumsubiri mwenzake. Na usipitishe dakika 10 bila kuwafanyisha kitu, kwenye skrini mtu anaondoka bila kuinuka kitini.

Nitajuaje kama kipindi kimefanikiwa?

Usiangalie kelele wala tabasamu. Dakika 4 za mwisho mpe kila mtu kikaratasi, aandike vitu viwili: jibu la swali moja dogo la leo, na sehemu moja ambayo bado haijakaa. Bila jina kama wanaogopa. Usiku usivisahihishe, vipange tu mafungu matatu, waliopata, waliokaribia, waliopotea, ni kazi ya dakika 10 hata vikiwa 60. Fungu la tatu likiwa nene, kesho usiende mada mpya. Chukua kikaratasi kimoja cha waliokaribia, kiandike ubaoni kama kilivyo bila kusema ni cha nani, na uwaulize darasa zima: huyu mwenzetu amefika hapa, amebakiza nini?